Ndege wa Sokoke na Wale Waliowatazama

Msomaji, historia tunayosoma shuleni kwa kawaida ni historia ya wafalme, vita na mikataba. Sina ugomvi nayo, kwani wafalme walikuwapo, na vita vilipiganwa, na damu iliyomwagika ilikuwa damu ya kweli. Lakini wanadamu wamefanya mambo mengi mengine tangu zamani ambayo hayakujengewa mnara wala kuwekewa sikukuu, na mojawapo ni kutazama ndege. Katika insha hii nataka nikupashe habari ya kazi hiyo katika kipande kimoja tu cha nchi yetu, yaani pwani iliyo kati ya Kilifi na mto Sabaki, pamoja na nyika iliyo ng'ambo ya mto huo. Usidhani ya kuwa ni habari ndogo. Ndani yake mna swali ambalo watu wenye elimu hawajaacha kulibishania hata leo: je, kitu hujulikana siku kinapoonwa na wenyeji wake, au siku kinapoandikwa na mgeni?

Ukitoka Kilifi kwenda Malindi kwa njia ya lami, utauona msitu upande wako wa kushoto, umeandamana na barabara kwa maili nyingi kama ukuta. Huo ndio msitu wa Arabuko-Sokoke. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 420, nao ni masalio makubwa kuliko yote ya msitu mkavu wa pwani ambao zamani ulienea katika mwambao huu wa Afrika Mashariki. Wazee hueleza kwamba jina Arabuko limetoka katika lugha ya Waata, wawindaji wa tembo wa zamani, na ya kuwa maana yake ni mahali pa tembo aliyekonda.

Mtu apitaye kwa gari hudhani msitu ni mmoja. Si kweli. Msitu huu ni kama nyumba yenye vyumba vitatu, na kila chumba kina wakazi wake. Upande wa mashariki uko msitu wa mchanganyiko, wenye mibambakofi na miti mingine mirefu iliyosongamana. Katikati, palipo na mchanga mweupe usio na rutuba, imeota mirihi, miti iliyoachana, ambayo mwanga wa jua hupita kati yake mpaka chini. Na upande wa magharibi, penye udongo mwekundu, iko mifunda, mifupi, minene, iliyoshikana matawi hata mtu hawezi kupita asipoinama. Ndege wa mrihi hamjui ndege wa mfunda, wala hawatembeleani. Kumbuka jambo hili, maana bila ya hilo hutaelewa kwa nini watu walizunguka msitu huu kwa miaka mingi bila ya kumwona bundi aliyekuwa akilia juu ya vichwa vyao.

Watazamaji wa kwanza walikuwa wenyeji, nao hawakutazama kwa ajili ya kujifurahisha. Mkulima alihitaji kujua mvua itakuja lini, na hakuwa na redio ya kumwambia. Alimsikiliza dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi, ndege wa kahawia akaaye vichakani, mwenye sauti kama ya maji yanayomiminwa kutoka mtungini. Alipolia sana, watu walisema mvua haiko mbali, wakaanza kunoa majembe. Mwindaji alitazama tai ili ajue mzoga ulipo. Mrina asali alimfuata ndege wa asali, yule amwitaye mtu kwa kelele, akamwongoza kutoka mti hata mti mpaka penye mzinga.

Watu wengi wa mjini walidhani habari ya ndege wa asali ni hadithi ya watoto. Mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa Kenya, Hussein Isack, wa Makumbusho ya Taifa, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa miaka kadhaa miongoni mwa Waborana wa kaskazini. Waligundua ya kuwa katika nchi wasiyoizoea, warina walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja wasipoongozwa na ndege, lakini walihitaji saa 3.2 tu walipoongozwa naye. Waborana hawakushangazwa na hesabu hiyo. Walioshangaa ni wale waliokuwa hawajaamini.

Tena wako ndege wa baharini. Nyuma ya Watamu bahari imeingia nchi kavu ikafanya hori, panapoitwa Mida, pamezungukwa na mikoko. Maji yakitoka, matope huachwa wazi yakimetameta, na juu ya matope hayo hutembea ndege maelfu wakidonoa. Wengi ni wale wadogo wa ufukoni waitwao vitwitwi. Yuko mmoja hasa nitakayekutajia, mweupe, mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene kama nyundo. Chakula chake ni kaa. Ndege huyu hazai kwetu. Huzaa katika visiwa vya mchanga vya Ghuba, Omani na Bahari ya Shamu, naye, jambo la ajabu kwa ndege wa pwani, huchimba shimo mchangani na kutaga ndani yake, yai lisiunguzwe na jua la huko. Watoto wakisha kukua, huja kwetu, wakakaa mpaka karibu na mwezi wa Aprili, kisha hurudi kaskazini.

Sasa fikiri, msomaji. Kwa karne nyingi majahazi ya Waarabu yalikuja pwani hii kwa pepo za kaskazi, yakarudi kwao kwa kusi. Watu wa Mida waliona majahazi na waliona ndege, na wote walitoka upande mmoja na kurejea upande mmoja, karibu kwa majira yale yale. Mji wa Gede, ambao magofu yake yamo kando ya msitu, ulistawi kwa biashara hiyo hiyo ya bahari. James Kirkman alipoanza kuyafukua magofu hayo mwaka 1948 alikuta vyombo vya kigeni, na kwa hivyo twajua ya kuwa watu wa Gede walikula katika bakuli zilizotoka Uchina. Walichokisema juu ya ndege wa Mida hakikuachwa ndani ya udongo.

Wageni waliokuja kuandika ndege wetu walianza kufika katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa. Mmoja wao alikuwa daktari wa Kijerumani, Gustav Fischer, aliyefika Unguja mwaka 1876. Katika miaka ya 1877 na 1878 alisafiri hata Witu na mto Tana, akitibu watu na kukusanya ndege. Ndege wake walipelekwa Berlin, na mwaka 1878 bwana mmoja wa makumbusho ya huko, Anton Reichenow, alimwita ndege mmoja wa pwani yetu kwa jina la Fischer. Ukimwona utampenda: ni wa kijani, mwenye kishungi chekundu, na arukapo mabawa yake huwaka wekundu kama kitambaa cha hariri. Miaka michache baadaye, mwaka 1884, alifika Lamu kijana wa Kiingereza, Frederick Jackson, aliyekuja kuwinda. Huyu akawa baadaye Gavana wa Uganda, lakini hakuacha ndege. Mwaka 1909 alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha elimu ya viumbe mjini Nairobi, ambacho ndicho mzazi wa makumbusho yetu ya leo, na kitabu chake kikubwa cha ndege, katika juzuu tatu, kilitoka mwaka 1938, yeye akiwa amekwisha kufa.

Yafaa nikueleze kazi hiyo ilivyofanywa siku zile, kwani neno "kutazama" laweza kukudanganya. Mtazamaji wa zama hizo alitazama kwa bunduki. Ndege alipigwa kwa risasi za chembechembe ili asiharibike, akachunwa kwa uangalifu, ngozi ikapakwa sumu ya kuzuia wadudu, ikajazwa pamba, na mguuni pakafungwa kikaratasi chenye tarehe, mahali na jina la mkusanyaji. Jina hilo lilikuwa la bwana. Lakini aliyejua ndege huyo hulala wapi na hulia saa ngapi, aliyeingia kichakani kumwokota, na mara nyingi aliyemchuna kwa mkono mwepesi usiopasua ngozi, alikuwa mtumishi Mwafrika. Jina la mtumishi halikuenea katika kikaratasi, ingawa kikaratasi kilikuwa na nafasi ya kutosha.

Wapo wachache waliokumbukwa. Jali Makawa, mtu wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, alifanya kazi hii kwa miaka mingi pamoja na Mwingereza Constantine Benson. Mwaka 1964, kaskazini magharibi ya Zambia, alipatikana ndege mmoja mdogo asiyefanana na wengine, na mwaka uliofuata akapewa jina la kitaalamu lenye neno *makawai*. Hajapatikana wa pili mpaka leo. Mimi husema ya kuwa heshima ile ilikuwa ya haki, ila ni haba mno ukiilinganisha na idadi ya mikono iliyofanya kazi.

Turudi Sokoke. Mwaka 1913 Mwingereza mmoja, Stephenson Clarke, aliandika habari ya mnana wa msitu huu ambaye hakuwa amejulikana na mabingwa wa Ulaya. Dume lake ni jeusi kichwani na kifuani, na tumbo lake ni la manjano. Clarke alimpa jina la kitaalamu *golandi*, kwa kumheshimu ndugu yake aliyeitwa Goland, na Waingereza wakamwita mnana wa Clarke. Hivyo ndugu wawili waligawana ndege mmoja.

Lakini mwaka 1913, ukiwauliza Wagiriama, ni mwaka wa jambo jingine kabisa. Ni mwaka wa Mekatilili wa Menza. Serikali ya Kiingereza ilikuwa ikitaka kodi, na vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba na kuchukua mizigo. Mekatilili, mwanamke mjane, alipita vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwakusanya watu, akiwalisha kiapo cha kukataa. Katika masimulizi ya Wagiriama iko habari ya baraza moja mbele ya Arthur Champion, aliyekuwa ofisa wa Serikali katika nchi yao. Inasimuliwa kwamba Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga, akamwambia bwana yule achukue kifaranga kimoja. Champion alipoinama kukichukua, kuku alimrukia na kumdonoa. Mekatilili akasema kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa yeyote atakayejaribu kuchukua wana wa Wagiriama. Inasemekana Champion alimpiga kuku risasi.

Sijui kama umepata kufikiri ya kuwa katika mwaka mmoja, katika nchi moja, ndege wawili waliingia katika historia: mmoja kwa kalamu na mwingine kwa mdomo wake mwenyewe. Kuku yule hana jina la kitaalamu lenye jina la mtu, walakini anajulikana na kila mtoto wa Kilifi.

Mekatilili alikamatwa mwaka ule ule, akapelekwa uhamishoni magharibi ya nchi, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Mwezi wa Agosti mwaka 1914 Serikali iliivunja Kaya Fungo kwa baruti, na mapigano yakazuka. Wagiriama walishindwa. Walitozwa faini, na wale waliokaa kaskazini ya mto Sabaki waliamriwa kuyaacha mashamba yao na kuvuka kuja kusini. Baada ya miaka michache waliruhusiwa kurudi. Nakuomba uishike sana habari hii ya ng'ambo ya Sabaki, maana huko ndiko alikokuwa amejificha yule mnana.

Kwa kuwa jambo moja juu ya ndege huyu liliwatatiza mabingwa: kiota chake hakikujulikana. Alionekana Sokoke, kwa makundi, akiokota wadudu juu katika mirihi. Kisha makundi yalitoweka kwa miezi, na yaliporudi yalikuwa na makinda yaliyokwisha kuruka. Yalizaliwa wapi? Minana wengine hawana siri hata kidogo. Hujenga viota vyao mia juu ya mnazi mmoja, wakapiga kelele kutwa kucha mpaka mwenye nyumba hukereka. Lakini mnana wa Clarke alikwenda zake, na hakuna mwenye elimu aliyejua aendako.

Uchunguzi wa msitu uliendelea polepole. Mwaka 1921 ndege mmoja mdogo wa ardhini, mwenye mistari kifuani, alipewa jina la Sokoke yenyewe, na aliyemwandika alikuwa van Someren, daktari na mtaalamu wa Nairobi. Mwaka 1943 msitu ulifanywa mali ya Serikali. Mwaka 1963, mwaka ule ule tuliopata uhuru, John Williams wa makumbusho ya Nairobi alitoa kitabu kidogo cha ndege wa Afrika ya Mashariki na ya Kati ambacho mtu aliweza kukitia mkobani akaenda nacho porini. Kitabu hicho pamoja na darubini vilibadili mambo. Tangu hapo mtu wa kawaida aliweza kumjua ndege na kumwacha akiwa hai.

Hata hivyo aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa bado hajaonwa. Katika mifunda, juu ya ule udongo mwekundu, anaishi bundi ambaye kimo chake hakizidi kiganja cha mtu mzima kwa mbali. Uzito wake ni kama gramu 50, yaani ungemtia katika mfuko wa shati. Mmoja huwa wa kijivu, mwingine mwekundu kama kutu, wakiwa ni wa kabila moja. Mchana hukaa kimya kwenye tawi la chini, amefumba macho, nawe waweza kupita hatua tatu kutoka kwake ukadhani ni jani kavu. Usiku hutoa mluzi mfupi, tena na tena, kama mtu agongaye kibao. Mwaka 1965 alipatikana na wataalamu, na mwaka 1966 Dillon Ripley, mkuu wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, alimtangaza kwa jina *Otus ireneae*, kwa ajili ya mwanamke aliyeitwa Irene Morden. Kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa hayuko mahali pengine popote duniani ila Sokoke. Baadaye alipatikana pia katika miinuko ya chini ya Usambara, nchini Tanzania.

Nimewahi kuwapeleka wanafunzi wangu kwa mzee mmoja akaaye kando ya msitu, ili wamwulize habari ya bundi huyu. Walimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitika na kuwakalisha chini ya mwembe. Msichana mmoja akauliza kama ni kweli ya kuwa bundi akilia juu ya paa, mtu wa nyumba ile atakufa. Mzee akacheka. "Wajukuu wangu," akasema, "watu wa nyumba zote hufa, bundi alie asilie. Sisi tulimwogopa yule mkubwa wa kijijini, na vijana walimpiga mawe. Huyu mdogo wa mfundani hatukumpiga, kwa sababu tulimsikia tu. Aliyelala karibu na mfunda amemsikia tangu utotoni. Hatukujua kama kuna watu mbali wanaomtafuta." Kisha akawauliza wao, "Na hao wanaomtafuta, wakimpata humfanya nini?" Mvulana mmoja akajibu kwamba humtazama, wakaandika jina lake katika daftari, wakaondoka. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Na kwa hilo hulipa fedha?"

Swali lake halikuwa la mzaha. Ardhi ya pwani ni jambo zito, na watu wengi wa vijiji vinavyouzunguka msitu hawana hati za mashamba wanayolima. Tembo hutoka usiku wakala mahindi, nyani huyamaliza mchana. Basi mtu anayeangalia ekari maelfu za miti upande wa pili wa ua, naye wanawe hawana chakula, akiambiwa ya kuwa miti ile imewekwa kwa ajili ya bundi, atasema nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wako wengi waliotaka msitu ukatwe ugawanywe. Mimi siwezi kuwaita wajinga. Walikuwa wakihesabu kwa hesabu waliyokuwa nayo.

Ndipo kulipotafutwa hesabu nyingine. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo huko Gede. Wakulima hulea viwavi wa vipepeo wa msituni, na vipepeo wakiwa bado wamelala ndani ya vifuko vyao huuzwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Ili kupata vipepeo, lazima msitu uwepo. Katika miaka hiyo hiyo vijana wa vijijini walifundishwa kuwaongoza wageni waliokuja na darubini, na hapo yakatokea mambo ambayo mimi huyafurahia sana. Kijana wa Kigiriama, mwana wa mrina asali au mchoma makaa, ambaye tangu utotoni alijua kuiga mluzi wa kila ndege, sasa alitangulia mbele, na profesa kutoka Uingereza akamfuata nyuma kwa kunyata, akingoja aonyeshwe. Mgeni huja na kitabu. Lakini kitabu hakijui leo bundi amelala katika tawi lipi.

Mwaka 2001 ukaanzishwa mpango wa kuwalipia karo wanafunzi wa sekondari wanaotoka kando ya msitu na hori ya Mida. Pale Mida pamejengwa daraja la mbao lililoning'inizwa kwa kamba katikati ya mikoko, linaloishia kwenye kibanda kilichoelekea matope. Mgeni hulipa kiingilio, huenda mpaka mwisho wa daraja, akawatazama wala kaa waliotoka Omani na vitwitwi waliotoka Siberia, na fedha zake huingia katika mfuko wa karo. Nimewafundisha watoto ambao karo yao ililipwa hivyo. Mmoja aliniambia, bila ya kutabasamu, ya kuwa alifika kidato cha nne kwa mgongo wa ndege. Wakati wageni wanapoacha kuja, kwa sababu ya maradhi au hofu ya vita, mfuko ule hukauka, na mtoto aliyetegemea ndege hurudi nyumbani. Jambo hilo pia lazima lisemwe.

Wala si kila ndege ni wa kupendwa. Katika miaka ya 1890 kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja ili ale takataka za mji. Alikula takataka, akala na mayai ya ndege wengine, na makinda yao, na vifaranga vya watu. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na tangu hapo ameifuata pwani kwenda kaskazini mji baada ya mji. Mahali alipojaa, chozi na shore hupungua bustanini. Mwenyeji wetu kunguru, yule mwenye kifua cheupe, amesukumwa pembeni. Mwanadamu aliyemleta alidhani amepata mfagiaji wa bure.

Sasa nirudi kwa mnana, kama nilivyoahidi. Ng'ambo ya Sabaki, nyuma ya Malindi kuelekea Marafa na mbele yake, iko nchi ya Dakatcha, yenye mirihi kama ya Sokoke. Hii ni ile nchi ambayo Wagiriama walifukuzwa mwaka 1914. Tofauti na Sokoke, Dakatcha haina ulinzi wa sheria kama hifadhi. Watu hukata miti wakachoma makaa, na hufyeka wakapanda mananasi. Mnamo mwaka 2009 na baada yake kampuni moja ya kigeni ilitaka kupanda mibono ya kutoa mafuta ya mitambo katika eneo kubwa la nchi hiyo, maelfu ya hekta. Wako wenyeji walioukubali mpango huo kwa kutumaini ajira, na wako walioupinga kwa kuhofia kufukuzwa mara ya pili, kama babu zao walivyofukuzwa. Ubishi ulikuwa mkali. Mwaka 2012 mpango ukasimamishwa.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha vizuri, na mabwawa ya msimu yaliyomo kati ya miti ya Dakatcha yakajaa maji na manyasi. Mwezi wa Machi mwaka 2013 watu wa kikundi cha wenyeji wanaolinda misitu ya Dakatcha, wakiwa na wataalamu wenzao kutoka Watamu, walikuta katika bwawa moja minana wale wamejenga viota vyao, si juu ya mti, bali chini kabisa katika manyasi yaliyosimama ndani ya maji. Ulikuwa umetimia mwaka wa mia tangu Clarke alipomwandika. Mabingwa walikuwa wametazama juu ya miti kwa muda wote huo.

Ndege huyu hutegemea mvua. Mwaka wa ukame bwawa huwa ni uwanja wa vumbi, ng'ombe hupita katikati yake, na mtu asiyejua angeweza kujenga nyumba hapo. Kwa hiyo kila baada ya mvua nzuri wako watu wa Dakatcha wanaokwenda kwa miguu kutoka bwawa hata bwawa, wakikagua manyasi na kuandika katika daftari bwawa lipi lina viota na lipi halina.